Jina Langu Jalalani

Bwana Afisa, barua yako nimeipata.
Pauni mia nne, ndani ya siku kumi na nne,
na picha ya bahasha yangu, imelowa,
jina limesimama juu ya uchafu
kama mtoto aliyepotea sokoni lakini anajua kwao:
Mwanakombo Sheha, nyumba namba thelathini na moja,
Mtaa wa Palgrave, Birmingham.
Ni langu. Sikatai.

Lakini kwanza hesabu wiki pamoja nami.
Ya kwanza tulidhani ni sikukuu.
Ya pili, pipa likakataa kufunga mdomo.
Ya tatu, mbweha akaja mchana, bila haya,
akachagua mifupa ya kuku kama mtu achaguaye kanga.
Ya tano, Noreen wa thelathini na tatu,
miaka themanini na mbili na goti moja zima,
alitoka na ufagio kupigana na panya,
akarudi ndani, akashusha pazia.
Ya saba sikuihesabu. Nilihesabu funza.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza:
hivyo nilifunzwa Wete, na niliamini.
Hapa kibaya kililala mlangoni petu
kikanenepa, kisitembee hata hatua.
Nilipiga simu. Mashine ikaniambia
simu yangu ni muhimu sana kwao,
kisha ikanipigia kinanda dakika arobaini.

Ndipo likaja gari jeupe, ubavu mtupu, halina jina.
Kijana wake alikuwa na adabu, Bwana Afisa,
kuliko ile mashine.
"Ishirini tu, mama, naondoa yote."
Nilimpa. Nilimpa na chai.
Noreen akampa. Chaudhry wa duka la simu akampa.
Usiku ule mtaa mzima ulilala usingizi wa pono
na hakuna aliyeuliza: yanakwenda wapi?

Nimeuliza sasa, kwa miguu yangu,
nyuma ya kiwanda cha vifungo kilichokufa,
ukingoni mwa mfereji, njia ya watoto kwenda skuli.
Chini ya magodoro yetu, chini ya nepi zetu,
madumu. Ya buluu. Kumi na tisa.
Sisi tulikuwa blanketi tu.
Lebo zimekwanguliwa kwa kisu, kwa subira,
na kinachovuja kinanuka kama rangi ya kucha
iliyosahauliwa juu ya jiko.
Nyasi zimeota mvi. Bata hawapo.
Mbwa wa Chaudhry aliingia majini,
akatoka akilamba nyayo zake, na kesho yake ulimi
— sitaueleza.

Sasa nisaidie, maana barua yako inakwenda haraka:
ule mkono uliofukua hadi kwenye bili yangu ya umeme,
ulipita juu ya madumu yote kumi na tisa?
Ulivaa glavu?
Ulisema, hii haisomeki, tuiache,
na hili, hili linasomeka?

Nitalipa. Ishirini ile ni kosa langu
na sitaki kuificha chini ya kosa la mwingine;
nimeshaona vitu vinavyofunikwa hivyo vinavyovuja.
Thelathini kila mwezi, ukiniruhusu.

Namba ya gari naiambatisha,
nyuma ya risiti ya maziwa.
Hafidh wangu aliishika kichwani; ana miaka tisa,
na watoto hushika namba kama sisi tushikavyo visasi.

Ni yeye pia aliyerudi na viatu vinavyonata.
Nimevitia mfukoni, na mfuko ndani ya mfuko,
viko uani, juu ya tofali, mbali na paka.
Kwenye pipa lenu sijathubutu.
Alhamisi lori lilisikika mtaa wa pili,
tukatoka sote, hata Noreen na goti lake;
likakata kona ya mbali.

Basi niambie, viatu nivipeleke wapi.
Ni vyeusi, saizi ya mbili.
Vilikuwa vipya.